Watoto Mia, Mpira Mmoja: Namna ya Kuendesha Kipindi cha Michezo na Afya

Mwalimu wa ajira mpya akiripoti shuleni, mara nyingi hukabidhiwa mambo mawili kwa mkupuo: darasa la tatu lenye watoto wanaokaribia mia, na kazi ya mwalimu wa michezo, kwa sababu tu ni kijana. Anapewa filimbi, mpira mmoja uliochakaa na ufunguo wa stoo. Hakuna anayemweleza aanzie wapi. Haya ninayoandika ni kwa ajili yake.

Mimi ni mwalimu wa kike, nafundisha shule ya msingi ya serikali mkoani Mwanza, si mbali na ziwa. Ualimu nilisomea chuo cha Butimba. Somo la michezo nimelishikilia tangu nianze kazi na sijawahi kuliona dogo.

Kipimo changu ni kimoja. Kipindi kikiendelea, simama pembeni uhesabu: wangapi miili yao inafanya kazi, wangapi wanasubiri? Ukiona ishirini na wawili wanafukuzana na mpira na sabini wamekaa chini ya mwembe wanatazama, hapo hujafundisha, umeandaa mechi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za kuushughulisha mwili mpaka ahemee juu, na angalau siku 3 kwa wiki afanye mazoezi ya kukaza misuli na mifupa. Kipindi chetu cha dakika 40 hakifiki huko. Ndiyo maana sikubali hata dakika moja iliwe na foleni.

Tangu elimu ya msingi iwe bila malipo mwaka 2016, madarasa yamefurika, na namshukuru Mungu kwa kila mtoto ambaye bila hivyo angebaki nyumbani akichunga. Lakini namna tuliyofundishwa sisi michezo ilikuwa ya darasa la watoto arobaini. Darasa la mia linataka mpangilio wake.

Kwanza linda kipindi chenyewe

Kipindi cha michezo ndicho cha kwanza kuporwa. Upimaji wa darasa la nne ukikaribia kinageuka Hisabati, na mtihani wa darasa la saba ukinukia kinageuka maswali ya marudio. Usilalamike kwenye kikao cha walimu mbele ya watu. Mfuate mwalimu mkuu ofisini ukiwa na azimio la kazi la muhula mzima na andalio la somo la wiki hiyo, vimeandikwa vizuri kama vya somo lolote. Kipindi chenye andalio ni vigumu kukipora, kisicho na andalio kila mtu anakiona ni muda mtupu.

Ukiwa hapo hapo, omba saa. Mimi huomba kipindi cha kabla ya saa nne asubuhi. Saa saba mchana jua letu linachoma, na kuna jambo zito kuliko jua: njaa. Wapo watoto ambao tangu ugali wa jana jioni hawajatia kitu mdomoni. Waambie wote wafumbe macho, kisha aliyekunywa chai au uji asubuhi anyooshe mkono. Wakifumba macho hawaoneani haya. Mikono ikiwa michache na shule haina uji, siku hiyo acha mbio ndefu. Fundisha kulenga, kudaka na mizani ya mwili.

Jambo jingine nalisema bila kupindapinda: usimkimbize mtoto uwanja mzima wala kumrusha kichura kwa sababu amechelewa au amepiga kelele. Mtoto aliyezoea kukimbia kama adhabu, akisikia neno mazoezi moyo wake unasinyaa, na hutampata tena.

Vifaa bila fedha

Ruzuku ya uendeshaji shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na ndani yake kuna chaki, karatasi, matengenezo na mengi mengine. Usiisubiri ikununulie mipira. Tengenezeni.

Zamani tulikuwa tunasokota mpira wa chandimu kwa mifuko ya plastiki, rambo. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 2019, na kusema kweli mpira wa sasa ni bora kuliko ule. Chukua soksi kuukuu, ijaze matambara ukiyashindilia kwa ngumi mpaka iwe ngumu na mviringo. Ifunge kwa kamba ya katani kwa kupishanisha, huku na huku. Kisha nenda kwa fundi baiskeli, omba tyubu zilizotupwa. Zikate ziwe pete nyembamba, upana wa kidole, uzivute na kuzivika juu ya mpira pande zote mpaka kitambaa kisionekane. Mpira huu unadunda kiasi, haupasuki kwa mwiba, na mtoto asiye na viatu anaupiga bila kuumia. Darasa la tano na la sita wakipewa kazi hii kwenye kipindi cha kazi za mikono, wiki mbili zinatosha kupata mipira ishirini. Watoto mia kwa mipira ishirini ni watano kwa mpira mmoja, na hapo kila mtoto anaugusa.

Magunzi ya mahindi ni vijiti bora vya mbio za kupokezana. Kamba za kuruka zisuke kwa katani; za manila zinateleza na zikimpiga mtoto mguuni zinaacha alama. Tairi la pikipiki lililoning'inizwa kwenye tawi ni shabaha ya kurushia. Chupa za maji zilizojazwa mchanga ni alama za kuzungukia.

Pete ya netiboli rasmi iko mita 3.05 juu ya ardhi na upana wake ni sentimita 38. Kwa darasa la tatu shusha pete mpaka karibu mita mbili. Mtoto wa miaka tisa anayerusha mara kumi bila kufikia hata ukingo wa pete anajifunza kitu kimoja tu, kwamba yeye hawezi.

Mistari ya uwanja chora kwa majivu, si kwa chokaa. Chokaa ikiingia machoni inaunguza. Na kabla ya kuchora, wapange watoto bega kwa bega kutoka upande mmoja wa uwanja, watembee polepole hadi upande wa pili wakiokota mawe, vigae vya chupa na miiba. Mashimo yafukiwe siku hiyo hiyo. Nafanya hivi kila Jumatatu, kwa sababu mwisho wa wiki uwanja wetu ni njia ya ng'ombe na watu wa mnada.

Dakika arobaini zenyewe

Makundi yapange darasani, siyo uwanjani. Watoto mia: makundi matano ya ishirini, kila kundi na viongozi wawili, mvulana na msichana, na kila kundi na kituo chake cha kuanzia. Andika ubaoni. Ukitoka nao nje kabla ya kupanga, dakika kumi zinaishia kwenye kelele.

Dakika tano za mwanzo ni za kutoka na kufika kituoni kwa mwendo wa mchakamchaka. Dakika saba zinazofuata ni za kupasha misuli: kuzungusha mabega, kuinua magoti, kukimbia kinyumenyume, kujinyoosha. Wimbo waanzishe wao, wanazo nyimbo nyingi kuliko wewe.

Halafu vituo vitano, kila kimoja dakika nne. Filimbi moja maana yake simama, mbili maana yake hamia kituo kinachofuata upande wa kulia. Cha kwanza ni kuruka visanduku vilivyochorwa ardhini, kwa mguu mmoja kisha miwili. Cha pili ni kamba: mbili ndefu za kuzungushwa na nne fupi za mtu mmoja mmoja. Cha tatu ni kulenga tairi kwa mipira ya matambara, wanne wakirusha na wengine wakidaka na kurudisha, kisha wanabadilishana. Cha nne ni kuuongoza mpira kwa mguu kati ya chupa za mchanga, katika mistari mitano ya watoto wanne wanne. Mstari wa watoto wanne hauchoshi. Mstari wa ishirini unazaa ugomvi. Cha tano ni nguvu za mwili: kusukuma ardhi kwa mikono, kutembea kwa mikono huku mwenzako amekushika miguu, kusimama kwa mguu mmoja ukiwa umefumba macho.

Dakika zinazobaki ni za kupooza mwili na za somo la afya, ambalo nitalieleza hivi punde.

Wewe usimame wapi? Mahali unapoviona vituo vyote, jua likiwa mgongoni mwako. Usichukue kiti. Zunguka, sahihisha mtoto mmoja mmoja kwa sauti ndogo, na usimwite mtoto mnene kwa unene wake wala mwembamba kwa wembamba wake, hata kwa utani. Watoto watalirudia neno hilo kwa miaka.

Michezo yetu, ila sheria zibadilike kidogo

Rede, nyama nyama, kombolela: watoto wanaijua yote kabla hawajaja shule, kwa hiyo hupotezi muda kueleza. Ina kasoro moja tu kwa mwalimu. Anayekosea anatoka. Na nani anatoka wa kwanza? Yule mzito, yule mwoga, yule anayeona kwa shida, yaani wale wale waliohitaji kucheza kuliko wengine. Wanakaa pembeni kipindi kizima, na aliye hodari anabaki akizidi kuwa hodari.

Kwenye rede, aliyepigwa na mpira asitoke, abadilishane nafasi na aliyemrushia. Yule anayejaza mchanga kwenye chupa aendelee na kazi yake kama kawaida, wanaipenda sana sehemu hiyo. Cheza rede kumi kwa wakati mmoja, watoto kumi kila moja. Kwenye nyama nyama, ambamo watoto huruka wakitajiwa mnyama anayeliwa, aliyeruka pasipostahili azunguke mti mara moja arudi kwenye duara. Hapo hapo mchezo unageuka somo la afya. Badala ya wanyama, taja maji: ya kuchemsha, ruka; ya bomba yaliyohifadhiwa kwenye ndoo yenye mfuniko, ruka; ya lambo, chuchumaa. Nimeona watoto wa darasa la pili wakibishana vikali kama maji ya mvua ni ya kuruka au ya kuchuchumaa, na ubishi huo una thamani kuliko bango lolote ukutani.

Wasukuma tuna bugobogobo, ngoma ya majembe iliyotokana na kulima kwa pamoja. Ngoma hiyo inakaza mapaja, mgongo na mabega, na inataka pumzi kwelikweli. Mwite mzee wa kijijini anayejua kupiga ngoma, naye mwalike kwa heshima zote, mpe kiti na maji. Watoto watumie mipini mifupi isiyo na chuma. Mwenye kutaka kuona jinsi ngoma hizi zinavyohifadhiwa aende Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Kwingine tafuta ya kwenu. Hakuna kabila la nchi hii lisilo na ngoma ya kuutikisa mwili.

Mchakamchaka nao ufundishwe, usiwe kukimbia tu. Watoto huanza kwa kasi yote na nusu ya njia wameshika kiuno. Mimi huwasimulia mwanariadha wetu Alphonce Simbu, Septemba 2025 mjini Tokyo, alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia: kilomita 42 na ushee, yeye na aliyekuwa wa pili wakaandikiwa muda ule ule, saa 2:09:48, wakatenganishwa na picha ya mstari wa mwisho. Halafu nawaambia, leo tunaanza polepole kiasi kwamba unaweza kuongea na jirani yako, na nguvu tunazitunza za kumalizia.

Afya ifundishwe mwili ukiwa bado wa moto

Somo la afya lililoandikwa ubaoni hukaririwa na kusahauliwa. Lile linaloanzia kwenye mwili wa mtoto mwenyewe analibeba mpaka nyumbani.

Anza na mapigo ya moyo. Kabla ya mazoezi, kila mtoto aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, upande wa kidole gumba. Asitumie kidole gumba chenyewe kupimia, kwa sababu nacho kina mapigo yake. Wewe shika saa, sema anza, sekunde 30 zikiisha sema acha. Namba azidishe kwa mbili aandike. Mtoto wa umri wa shule ya msingi akiwa ametulia huwa kati ya 70 na 110 hivi kwa dakika. Wapime tena mara tu baada ya kamba, kisha baada ya kupumzika dakika tatu. Ndani ya wiki chache wanaona wenyewe kwamba moyo unawahi kutulia kuliko mwanzo. Darasa la tano wachore grafu kwenye Hisabati. Mwalimu wa Hisabati aliyekuwa anakipigia hesabu kipindi chako ataanza kukuombea kiendelee.

Pili, mikono. Jengeni vibuyu chirizi visivyopungua vinne, maana kimoja kwa watoto mia ni foleni nyingine. Kidumu cha lita tano kitobolewe kwa msumari wa moto ubavuni upande wa mbali na mpini, chini kidogo ya mfuniko, ili maji yatoke pale tu kidumu kinapoinama. Kining'inizwe kwenye fito iliyolazwa juu ya nguzo mbili. Kamba itoke shingoni mwa kidumu hadi kwenye kijiti cha kukanyagia, hivyo hakuna anayeshika kitu kwa mkono mchafu. Kipande cha sabuni kitobolewe katikati kining'inizwe pembeni, juu yake kifunikwe na kopo kisilowe mvua. Sabuni ikiisha, majivu yanasaidia. Chini weka changarawe, la sivyo utazalisha mbu na matope. Kunawa ni sekunde 20, katikati ya vidole na nyuma ya kiganja. Kundi linalomaliza kituo cha tano ndilo linalotangulia kunawa, mengine yanafuata kwa zamu wakati wengine bado wanajinyoosha.

Tatu, kichocho, na hapa naomba wenzangu wa Kanda ya Ziwa tusione haya. Kando ya ziwa kinachotawala ni cha tumbo. Ndani zaidi, kwenye malambo na majaruba ya mpunga, kipo cha mkojo. Vijidudu vinatoka kwenye konokono, vinaogelea, vinapenya ngozi. Kumwambia mtoto asiguse maji ya ziwa wakati mama yake amemtuma kuchota ni maneno matupu. Mwambie lile analoweza: maji ya kuoga yakikaa kwenye chombo siku mbili nzima bila kuguswa na konokono, vijidudu hivyo vinakuwa vimekufa. Mwambie asijisaidie majini wala ufukweni, kwa sababu hapo ndipo mzunguko unapoanzia. Na akiona damu kwenye choo au mkojo aseme, hachekwi.

Siku ya kumeza dawa ya kichocho shuleni, watoto wapimwe urefu kwa ile fimbo ya vipimo, na wale kwanza. Dawa hiyo, prazikuanteli, ikimezwa na tumbo tupu inaleta kizunguzungu na kutapika, kisha kijiji kizima kinaamini dawa ni mbaya na mwaka unaofuata wazazi wanaficha watoto. Pigania uji wa siku hiyo. Mchakamchaka siku hiyo hakuna.

Kuna somo moja zaidi ambalo halihitaji vifaa: mwili wangu ni wangu. Mtoto ajue sehemu ambazo hakuna mtu wa kuzigusa, awe mjomba, jirani au mwalimu, na ajue namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo ni bure. Iandike ukutani mahali wanaponawa mikono.

Wasichana

Kuanzia darasa la tano utaona wasichana wanaanza kujificha. Wengine sketi inawanyima uhuru. Waruhusu wavae bukta ndefu au suruali ndani, na mwenye hijabu acheze nayo ikiwa imefungwa vizuri. Wengine wako kwenye hedhi. Mimi nina sheria ndogo: msichana yeyote akisema "Mwalimu, leo naomba kuandika matokeo," anapewa daftari, haulizwi kitu. Anayetaka kucheza acheze, mazoezi mepesi hayamdhuru na wengi huwapunguzia maumivu. Lazima pawe na chumba chenye maji, kitasa cha ndani, sketi ya akiba na pedi. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike iliondolewa mwaka 2018 ikarudi mwaka uliofuata, na tangu hapo najua watoto wanaotumia vipande vya kanga. Kamati ya shule iambiwe wazi, na wanaume wakiwemo kikaoni.

Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi nayo itajwe kwenye kipindi hiki. Ilianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 inatolewa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Waeleze watoto na wazazi mapema, kabla uvumi haujawahi kufika.

Watoto wa kuangaliwa kwa karibu

Wiki ya kwanza ya muhula waulize wazazi kwa siri nani ana pumu, kifafa, sikoseli au tatizo la moyo. Andika kwenye daftari lako mwenyewe, usisome majina mstarini.

Mwenye sikoseli anywe maji mara kwa mara, apumzike anapotaka bila kuomba ruhusa, na asinyeshewe. Akilalamika maumivu makali au kubanwa kifua, ni hospitali, si kesho. Mwenye ualbino achezee kivulini na asubuhi, avae kofia pana na mikono mirefu, na apake losheni ya kukinga jua; hospitali ya KCMC Moshi wanatengeneza losheni kwa ajili yao hapa hapa nchini, inaitwa Kilisun, ulizia hospitali ya wilaya. Kwa sababu wengi wao hawaoni vizuri kwa mbali, mpira wao uvishwe kitambaa chekundu au cha njano. Kwa asiyesikia, inua kitambaa kila unapopiga filimbi. Mtoto mwenye ulemavu wa mguu asifanywe mtunza saa wa kudumu. Anaweza kulenga, kudaka, kuzungusha kamba, na kwenye kituo cha kulenga huenda akawashinda wote.

Kifafa kikimshika mtoto uwanjani, ondoa vitu vya hatari, mweke kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu, usimshike kwa nguvu na usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Mtukutiko ukizidi dakika tano, apelekwe hospitali. Wenzake waeleze kwamba mate ya mwenzao hayaambukizi kifafa.

Damu ya pua: akae, ainame mbele, abane sehemu laini ya pua dakika kumi. Wengi wetu tulifundishwa kuinua kichwa juu. Damu inaishia kooni. Kifundo kikiteguka, kitambaa cha maji baridi, bandeji na mguu uinuliwe. Usikande wala kuvuta.

Ngurumo ikisikika tu, kipindi kimekwisha. Kanda yetu radi imeua wanafunzi. Waingize darasani, na wasikimbilie kwenye mwembe.

Mzazi atakapokuja

Atakuja. Kwangu alikuja baba mmoja, mtu mzima, amesimama mlangoni na fimbo yake.

"Mwalimu, nimeleta mtoto asome, nyinyi mnamchezesha tu."

"Shikamoo, Baba Kulwa. Karibu ukae."

"Marahaba."

Nikamfungulia daftari la Kulwa kwenye ukurasa wa mapigo ya moyo, namba za wiki nne zimepangwa vizuri, na chini yake ameandika kwa mkono wake jinsi ya kutunza maji ya kuoga siku mbili. Akasoma taratibu, akauliza, "Hii ameandika mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo, na kwamba Doto, pacha wake, naye ana la kwake. Hakuomba radhi, wala sikuhitaji aombe. Wiki iliyofuata alileta tyubu tatu za baiskeli.

Sipendi kuwavuta wazazi kwa ndoto za nyota. Ni kweli Serengeti Girls, timu yetu ya taifa, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 mwaka 2022 kule India, na nawasimulia mabinti zangu kwa fahari. Ila kati ya watoto mia nilio nao, takriban wote watakuwa wakulima, wavuvi, mama na baba wa familia, mafundi, walimu. Miili wanayoijenga sasa ndiyo watakayofanyia kazi hizo. Mzazi anaelewa lugha hiyo haraka kuliko ya mamilioni ya mpira.

Timu ya shule

UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, ina nafasi yake na mimi hupeleka timu kila mwaka kama wengine. Ila mazoezi ya timu yawe jioni, baada ya masomo. Asubuhi ni ya darasa zima. Na uteuzi ufanye kutokana na daftari la vituo la muhula mzima, siyo kwa mechi moja ya Ijumaa. Humo utakuta mrukaji au mrushaji ambaye hakuna aliyewahi kumwona kwa sababu hajui kupiga chenga.

Alama za darasani nazo zisitolewe kwa kumlinganisha mtoto na mwenzake. Mwanzo wa muhula andika kamba aliruka mara ngapi bila kukosea, mwisho wa muhula andika tena. Aliyetoka mara mbili akafika kumi na tano amejifunza kuliko aliyekuwa hamsini akabaki hamsini, na ripoti yake iseme hivyo.

Ukianza wiki ijayo, usianze na vituo vitano. Anza na viwili na rede, watoto wazoee filimbi na kuhama. Wiki ya pili ongeza kamba, ya tatu ongeza kulenga, na mapigo ya moyo yaingie wakati huo. Vibuyu chirizi jengeni Ijumaa mchana pamoja na darasa la sita. Viongozi wa makundi wahesabu mipira na magunzi kabla ya kengele ya mapumziko, wakuletee idadi kwa mdomo, nawe uandike kwenye daftari la stoo kabla hujafunga mlango.